Maswali ya Wasomaji: Kuisoma Rekodi ya Mchezaji wa Tenisi wa Chuo

Barua za mwezi huu zimetoka Arusha na Moshi, na karibu zote zinazunguka jambo moja: kijana anacheza tenisi, anasoma, ukurasa wake umejaa namba, na nyumbani hakuna mwenye uhakika ni namba ipi ya kushangilia. Barua ndefu tumezifupisha.

SWALI: Habari za kazi. Binti yangu yuko mwaka wa pili katika chuo kimoja Marekani na yumo kwenye timu ya tenisi. Ukurasa wake kwenye tovuti ya chuo unasema: mmoja mmoja 21–9 kwa jumla, 14–6 mechi za timu, nafasi ya 4, wawili wawili nafasi ya 2, kikosi cha pili cha ligi, “ITA Scholar-Athlete”, “Dean's List”, GPA 3.62. Mashangazi zake wanauliza mbona wa nne, na mbona kikosi cha pili. Niwajibu nini?
*Mama, Njiro, Arusha*

JIBU: Mama, anza na hiyo 4, maana ndiyo inayowapotosha mashangazi. Katika mechi ya timu ya vyuo vya Marekani kila upande hutoa wachezaji sita wa mmoja mmoja, wakipangwa kwa uwezo kuanzia 1 hadi 6. Wa 1 wa huku hukutana na wa 1 wa kule, wa 4 na wa 4. Kocha haruhusiwi kumshusha mchezaji mkali chini ili akavune ushindi wa bure. Kanuni inamtaka awapange kwa ubora wao. Kwa hiyo binti yako ni wa nne kwa uwezo katika kikosi chote, na akishinda analeta alama moja ile ile anayoileta wa 1.

Alama za mechi nzima ni 7. Wanaanza wawili wawili, jozi tatu kwenye viwanja vitatu kwa wakati mmoja. Kila jozi hucheza seti moja tu ya gemu 6, na wakifikia 6–6 wanaingia taibreki. Timu iliyoshinda jozi mbili kati ya tatu inapata alama 1. Baada ya hapo wanaingia wale sita, kila mmoja na alama yake, na anayetangulia kuchukua seti mbili ndiye mshindi. Timu inayotangulia kufikisha 4 imeshinda. Ukifuatilia kwa simu usiku utakutana na jambo la kushtua: gemu ikifika 40–40 hawaendi mbele na kurudi kama Wimbledon. Inachezwa pointi moja, anayepokea anachagua upande wa kupokelea, na gemu imekwisha. Ndiyo sababu mchezaji anaweza kuwa anaongoza vizuri, ukageuka kuwasha jiko, ukarudi ukakuta mambo mengine.

Sasa 14–6. Hizo ni mechi 20. Timu yao ikiwa imecheza 25, usidhani binti alikaa benchi mara tano. Timu moja ikishafikisha alama 4, viwanja vilivyobaki mara nyingi husimamishwa hapo hapo, na mechi iliyosimamishwa huandikwa kuwa haikukamilika: hakuna aliyeshinda wala aliyeshindwa. Aliyekuwa mbele 6–2, 5–1 anatoka uwanjani mikono mitupu. Wachezaji wa mipira mirefu, wanaochelewa kumaliza, ndio wanaoumia zaidi na kanuni hii. Fungua orodha ya mechi moja moja uone hizo ambazo hazikukamilika alikuwa wapi. Hapo utamjua kuliko kwa jumla ile ya juu.

Ukitoa 14–6 kutoka 21–9 unabaki na 7–3. Hizo kwa kawaida ni za mashindano binafsi ya Septemba hadi Novemba. Mechi za timu huanza Januari na kuishia Mei. Mwaka 2024 hata ubingwa wa NCAA, chombo kinachosimamia michezo ya vyuo Marekani, wa mmoja mmoja na wawili wawili ulisogezwa kutoka Mei kwenda Novemba, ila ule wa timu ukabaki Mei. Kwa hiyo usitegemee sana kwamba “atapumzika baada ya likizo ya Juni”: mwaka wa mchezaji una misimu miwili, na mitihani ya muhula inaiangukia yote miwili.

Kikosi cha pili cha ligi ni kura ya makocha wa vyuo vya ligi hiyo. Kuingia humo ukiwa unacheza nafasi ya 4 ni jambo la kujivunia, kwa sababu kura nyingi huenda kwa wa 1 na wa 2 ambao kila kocha anawakumbuka.

Hayo mawili mengine ni ya darasani. ITA ni chama cha tenisi ya vyuo, kipo tangu 1956. Tuzo yake ya “Scholar-Athlete” huwaendea wachezaji wa timu wenye GPA, yaani wastani wa alama za darasani, ya 3.5 au zaidi katika 4.0. Timu nzima nayo ina yake, ambayo wastani wa wote unapaswa kufikia 3.2. “Dean's List” ni orodha ya chuo chenyewe, hutolewa kwa muhula, na kila chuo kina kiwango chake. Jihadhari na jina moja linalochanganya watu: “All-American” peke yake ni heshima ya uwanjani, kwa walio juu kabisa kwenye orodha ya taifa au waliofika mbali kwenye ubingwa wa NCAA. Likitanguliwa na neno “Academic”, ni tuzo nyingine ya chombo kingine, inayopima masomo na uwanja kwa pamoja.

Ukituuliza ipi ni nzito kwenye ukurasa wote ule, tungeonyesha 14–6 ya Januari hadi Mei ikiwa pamoja na 3.62. NCAA inaruhusu saa 20 za mazoezi na mashindano kwa wiki, zisizozidi 4 kwa siku, na siku moja ya mapumziko. Ila siku ya mechi huhesabiwa saa 3 hata ikiwa imekula siku nzima, na safari ya basi haihesabiwi kabisa. Saa sita za kwenda na sita za kurudi ni zake mwenyewe, na ndizo anazofanyia kazi za nyumbani akiwa amewasha taa ndogo ya kiti.

SWALI: Mwanangu mkubwa anasoma chuo hapa nyumbani, ana GPA 3.8. Mdogo wake anacheza tenisi na kusoma Marekani, ana 3.5. Mkubwa anamcheka mdogo. Ana haki?
*Baba, Shanty Town, Moshi*

JIBU: Mzee, mwambie mkubwa asubiri kwanza. Vyuo vikuu vyetu huhesabu GPA kwa 5.0. Daraja la kwanza ni 4.4 hadi 5.0, daraja la pili la juu ni 3.5 hadi 4.3, la pili la chini 2.7 hadi 3.4. Kwa hiyo 3.8 yake ni daraja la pili la juu, matokeo mazuri. Marekani huhesabu kwa 4.0, na 3.5 kule iko karibu na kilele.

Lakini wewe nawe usichukue kikokotoo ukagawanya 3.8 kwa 5 na 3.5 kwa 4 ukampa mdogo ushindi. Kwenye vyuo vyetu vingi A huanzia alama 70; kule A kwa kawaida huanzia 90. Mitihani yetu nayo hutungwa na kusahihishwa kwa mkono mkali zaidi, kiasi kwamba 72 ya hapa ni kazi kubwa. Vipimo viwili havilingani kwa kugawanya. Pale inapohitajika kulinganisha rasmi, kazi hiyo hufanywa na vyombo vya kutathmini vyeti, somo kwa somo.

Lenye faida zaidi ni kujua hiyo 3.5 imejengwaje, kwa sababu ndipo mchezaji hukwama. Kila kozi ina uzito wake, yaani krediti. Herufi hugeuzwa namba: A ni 4.0, A- ni 3.7, B+ ni 3.3, B ni 3.0, C ni 2.0. Zidisha namba kwa krediti, jumlisha, gawanya kwa jumla ya krediti. Chukua muhula mmoja:

Kemia, krediti 4, B: 12.0
Takwimu, krediti 3, A: 12.0
Uandishi, krediti 3, A-: 11.1
Historia, krediti 3, B+: 9.9
Maabara, krediti 1, A: 4.0

Jumla ni 49.0 kwa krediti 14, sawa na 3.50 kamili. Kemia ikishuka kutoka B hadi C, jumla inakuwa 45.0 na GPA inaanguka hadi 3.21, na tuzo zote zinazodai 3.5 zimeondoka. A ya maabara haiwezi kumwokoa kwa kuwa ina krediti moja tu. Somo zito ndilo linaloamua.

Kisha kuna mtego. Kijana akiona kemia inamshinda, atashauriwa aiache katikati ya muhula ili isimharibie wastani. Kwa mwanafunzi wa kawaida ni ushauri mzuri. Kwa mchezaji, 14 ukitoa 4 ni 10, na anayeshuka chini ya krediti 12 si mwanafunzi wa muda wote tena, kwa hiyo haruhusiwi kucheza. Mwanafunzi wa kigeni ana tatizo la pili hapo hapo, maana kibali chake cha kukaa nchini kinategemea kuwa mwanafunzi wa muda wote. Kwa sababu hiyo wachezaji wenye akili huanza muhula na krediti 16, ili wakiangusha kozi moja, hata ya krediti 4, wabaki salama. Mkumbushe mdogo pia kwamba katika ngazi ya kwanza ya NCAA anatakiwa awe amemaliza asilimia 40 ya shahada anapoanza mwaka wa tatu, 60 anapoanza wa nne, 80 anapoanza wa tano. Anayebadili fani mwaka wa pili mara nyingi hukuta kozi zake za zamani hazihesabiki kwenye shahada mpya, na asilimia inamkataa ingawa GPA yake ni nzuri.

SWALI: Shikamooni. Nipo kidato cha tano, nacheza Arusha. Nikishuka Moshi au Dar napoteza kwa watu niliowafunga huku. Mipira yangu inaishia kwenye wavu au inaanguka katikati ya uwanja. Kocha wa kule alisema “mpira wa mlimani”. Alimaanisha nini, na rekodi yangu itakuwaje?
*Mwanafunzi, Sakina, Arusha*

JIBU: Marahaba, kijana. Arusha iko mita 1,400 hivi juu ya usawa wa bahari. Mstari wa ITF, shirikisho la tenisi la dunia, ni mita 1,219; juu ya hapo kanuni zinaruhusu mpira wa aina nyingine kabisa. Moshi iko chini ya mita 1,000, Dar iko baharini. Barabara ya Arusha hadi Moshi ni kilomita 80 tu, lakini umeuvuka mstari.

Mambo mawili hutokea huku juu. Hewa ni nyepesi, kwa hiyo haiubani mpira unaporuka, na unafika mbali. Pili, mpira wa kawaida umejazwa hewa kiwandani; hewa ya nje ikipungua nguvu, ile ya ndani inausukuma zaidi, unakuwa mgumu na unadunda juu. Wewe umejifunza kuudhibiti kwa kukata mkono: unafupisha pigo, unapiga chini karibu na wavu. Ukishuka Dar hewa ni nzito, mpira umetulia, na pigo lile lile fupi linaishia kwenye wavu. Moshi tofauti ni ndogo, tena joto lake hurudisha kidogo uhai wa mpira, kwa hiyo ukipoteza Moshi usiitupie milima lawama zote.

Pima mwenyewe. Weka alama ukutani kwa sentimita 254 kutoka sakafu ya zege, angusha mpira bila kuusukuma, rekodi kwa simu na uone unadunda hadi wapi. Kiwango cha mpira wa kawaida ni sentimita 135 hadi 147. Ule wa mwinuko ni 122 hadi 135. Mpira mpya wa kawaida ukipita 147 kwenye kiwanja chako, ujue unafanya mazoezi na kitu ambacho Dar hakipo. Makopo ya mpira wa mwinuko si rahisi kuyapata madukani. Kanuni inakubali pia mpira usiojazwa hewa, mradi umekaa siku 60 au zaidi kwenye mwinuko huo. Usiotumia presha hauchoki haraka, na kwa mazoezi ya Arusha unatosha sana.

Kosa la kawaida kuliko la mwinuko ni hili: mazoezi unafanya na mipira iliyofunguliwa wiki sita zilizopita, imekufa, halafu siku ya mashindano mwamuzi anafungua kopo jipya. Mkono wako haujawahi kukutana na mpira huo. Hifadhi makopo mawili, fungua moja siku tatu kabla ya safari na ucheze nalo.

Ukishuka, fika siku mbili kabla. Lenga juu ya wavu kwa kiasi cha sentimita 30 zaidi ya unavyolenga nyumbani, na umalize pigo hadi begani. Nyuzi nazo: kama umezikaza kilo 24 Arusha, raketi ya pili ikaze 23 kwa ajili ya Pwani, maana nyuzi zilizolegea kidogo huusukuma mpira zaidi. Beba raketi mbili zenye mkazo tofauti kuliko kutafuta fundi wa nyuzi ukiwa ugenini. Sevu yako ya pili pia itakuwa tofauti: kwenye hewa nzito mzunguko hushika, mpira unashuka kwa kasi zaidi ukiupa spini. Tumia hilo, ni zawadi.

Kuhusu rekodi, UTR, mfumo wa kupima kiwango cha wachezaji, haijui umecheza mwinuko gani. Inaona gemu ulizopata na nguvu ya mpinzani. Ndiyo maana tunakushauri uzoee Dar mapema badala ya kuja kueleza baadaye.

SWALI: Tunamwandalia mtoto wetu ukurasa wa kuwatumia makocha wa vyuo. Ana medali nyingi za shule, ana Division One kidato cha nne, na tumerekodi video ya dakika 40. Tuanze na kipi?
*Wazazi, Rau, Moshi*

JIBU: Anzeni kwa kufuta neno “Division One”. Kocha wa Marekani akilisoma atadhani mtoto anazungumzia ngazi ya juu ya NCAA, halafu akute “pointi 9” na kuona ni chache. Kwetu NECTA pointi 7 hadi 17 ndilo daraja la kwanza na 7 ndiyo bora kabisa. Yeye hilo hajui. Andikeni masomo na herufi zake moja moja, na chini yake mstari mmoja: A ni 75 hadi 100, B ni 65 hadi 74, C ni 45 hadi 64, D ni 30 hadi 44. Basi. Atayasoma mwenyewe.

Mchanganyiko huo huo upo kwenye viwango vya tenisi. UTR huenda 1 hadi 16.50 na kubwa ndiyo nzuri. WTN ya ITF huanzia 40 kushuka hadi 1, na ndogo ndiyo nzuri. Andikeni jina la kipimo kila mara. “Kiwango 8” peke yake hakisemi kitu.

Medali za shule zibaki kabatini, isipokuwa mnaweza kueleza. “Bingwa wa shule” haimwambii kocha lolote. Kila tokeo liwe na tarehe, jina la mashindano, idadi ya wachezaji kwenye droo, raundi aliyofika, mpinzani na matokeo ya seti. “Nusu fainali, droo ya 32, kafungwa 6–4, 7–5 na mchezaji mwenye UTR 9” ni sentensi ambayo kocha ataisoma mara mbili. Kushindwa kwa karibu na mtu mkali kuna thamani kuliko 6–0, 6–0 dhidi ya mwanafunzi wa darasa jirani, na UTR yenyewe inafikiri hivyo: inachukua mechi hadi 30 za miezi 12 iliyopita na kuangalia amepata sehemu gani ya gemu zote akilinganishwa na nguvu ya mpinzani. Mtoto anayelegea akiwa mbele 5–0 na kumwachia mwenzake gemu tatu amejikata mwenyewe. Mechi ambayo mwandaaji hakuituma kwenye mfumo, kwa UTR haikuchezwa, kwa hiyo mwombeni mwandaaji atume matokeo wiki ile ile. Kwa mashindano ya vijana ya ITF, yanayopangwa kutoka J30 hadi J500, mtoto awe na IPIN, yaani namba ya usajili ya mchezaji. Umri ni miaka 13 hadi 18.

Video ya dakika 40 haitatazamwa. Inatakiwa ya dakika 4 hadi 6: dakika moja ya fohendi na bekhendi, nusu dakika ya voli, dakika moja ya sevu upande wa kulia na wa kushoto, kisha gemu mbili au tatu mfululizo bila kukata hata pale anapokosa. Makocha huwa na shaka na video isiyo na kosa. Simu iwe nyuma ya mstari wa mwisho, katikati, kwenye uzio, kwa urefu wa mita 2.5 hadi 3, kiasi kwamba uwanja wote wa mita 23.77 unaonekana na wachezaji wote wawili. Ikiwekwa chini, wavu unaficha mpira unapoangukia na kocha hawezi kuona kina cha pigo. Ikiwekwa pembeni, kila pigo linaonekana kali, jambo ambalo makocha wanalijua.

Jua nalo lina mpangilio wake hapa kwetu. Mwezi Juni na Julai jua la mchana hupita upande wa kaskazini, kwa hiyo simu iwe upande wa kaskazini ikitazama kusini. Desemba geuzeni. Rekodini saa mbili hadi saa nne asubuhi, msisubiri saa saba. Muziki ondoeni, sauti ya mpira kwenye nyuzi ni taarifa. Ubora wa 1080 kwa fremu 60 unatosha na utakula gigabaiti kadhaa kwa saa, kwa hiyo safisheni simu kabla. Pakieni usiku kwa kifurushi cha bei nafuu na mtume kiungo tu. Faili lenyewe msilitume.

Upande wa darasa, NCAA inataka masomo ya msingi 16 ya sekondari, yenye wastani wa 2.3 kwa ngazi yake ya kwanza na 2.2 kwa ya pili. Lugha ya Kiingereza, hesabu, sayansi na maarifa ya jamii yote yanahitajika, na F ya hesabu haifunikwi na A ya Historia. Ulizeni swali moja mapema, kwa barua pepe, kwa afisa wa kanuni wa chuo mnachokitaka, na jibu mlihifadhi: muda wa mtoto unaanza kuhesabiwa alipomaliza kidato cha nne au cha sita? Kwenye tenisi, anayemaliza shule akabaki nyumbani akicheza mashindano anaweza kupoteza msimu wa kucheza chuoni. Mwaka mmoja wa “ngoja apate kiwango kwanza” umewagharimu wengi.

Na kabla ya yote hayo, wekeni mezani cheti cha kuzaliwa, cheti cha NECTA na pasipoti. Majina yawe yale yale, kwa tahajia ile ile na mpangilio ule ule. Jina la babu likiwa kwenye cheti kimoja na halipo kwenye kingine, au “Joseph” kuwa “Josephat”, kila hatua mbele itasimama. Kurekebisha huchukua kiapo, tangazo na miezi, na tarehe ya mwisho ya chuo haimsubiri mtu.

SWALI: Je, chuo hakimchelewishi anayetaka kucheza tenisi ya kulipwa?
*Msomaji, Kijenge, Arusha*

JIBU: Wapo waliopita huko wakafika. Arthur Ashe alikuwa UCLA alipochukua ubingwa wa NCAA wa 1965, wa mmoja mmoja na wa timu, na akamaliza shahada ya uongozi wa biashara 1966. Kevin Anderson wa Afrika Kusini alitoka Illinois, akaja kucheza fainali ya US Open 2017 na ya Wimbledon 2018. Danielle Collins alikuwa bingwa wa NCAA 2014 na 2016 akiwa Virginia, na 2022 alicheza fainali ya Australia. Jirani yetu Angella Okutoyi wa Kenya, aliyeshinda Wimbledon ya vijana wawili wawili 2022, alichagua Auburn badala ya kwenda kulipwa moja kwa moja. Kwa kijana wa kwetu ambaye kila safari ya mashindano ni nauli ya ndege, kocha wa bure, uwanja wa ndani na wapinzani wapya kila wiki havichelewishi chochote. Anayewezeshwa kukaa Ulaya kwa miaka mitatu na ana kiwango tayari, huyo ana hesabu nyingine.

SWALI: Nilishinda mashindano ya klabu nikapewa bahasha ya 200,000. Nimesikia itaniharibia nafasi ya kucheza tenisi ya chuo Marekani.
*Kijana, Moshi mjini*

JIBU: Kiasi hicho hakikuharibii, kuficha ndiko kutakakokuharibia. Utaulizwa kuhusu kila fedha uliyopata kwa kucheza. Andika leo: tarehe, mashindano, kiasi, na gharama zako za siku hiyo (nauli ya basi, chumba, chakula, ada ya kuingia, nyuzi). Risiti ya basi hufutika wino ndani ya miezi michache, kwa hiyo ipige picha leo.